Shikamoo ya Magoti

Saa kumi na robo alfajiri nilikuwa nimeshakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mikono yote miwili ikikandamiza kanga iliyokunjwa tumboni. Najua ilikuwa saa kumi na robo kwa sababu saa ya mume wangu ilining'inia kwenye msumari karibu na mto. Aliiacha alipokwenda machimboni, akihofia matope ya mashimo yangeiharibu. Nilikuwa nimewasha kibatari ili niitazame. Mtoto alikuwa amelala. Upande wa pili wa ukuta baba mkwe alikuwa hajakohoa bado.

Kikohozi chake nilikuwa nimekisoma. Alikohoa mara moja akivaa viatu, kisha mlango wake ukalia, kisha mlango wa uani, kisha kimya. Kwa asubuhi sita alikuwa ameondoka kabla sijamfikia. Siku hiyo niliamua kumtangulia. Nilipanga nimngoje mlango wa uani, nipige magoti pale pale njiani kwake, asiweze kutoka bila kuniitikia. Sikuwa na dawa tena, na tumbo lilikuwa linawaka upande mmoja, chini, karibu na mwisho wa mshono. Nilikuwa na hofu mbili, na sikujua ipi ni kubwa: kwamba mzee huyu amenikataa, na kwamba ninakufa.

Nyumba yetu ilikuwa Ngokolo, ya matofali ya udongo na mabati, vyumba vitatu vikitazama uani. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tuliishi humo watu wanne: mimi, mume wangu, baba yake, na dada yake aliyeachika na kurudi kwao. Mama mkwe alibaki kijijini na mashamba. Mume wangu alianza kwa kuchekecha mchanga wa almasi Maganzo, hakupata kitu, akasikia habari za dhahabu huko Geita, akaenda. Alipanga chumba na wenzake huko huko, Kalangalala, na barua ilichukua wiki mbili au ilipotea. Aliondoka mimba yangu ikiwa ya miezi sita, kwa hiyo hakujua chochote kati ya haya ninayoyaandika.

Kwa desturi ya nyumba ile, iliyokuwa ya Kisukuma hasa, mke wa mwana hamgusi baba wa mumewe. Hampi mkono, hali naye, hakai mahali alipokaa yeye. Asubuhi humwendea, hupiga magoti yote mawili, hutazama chini na kumwamkia. Akishaitikiwa na kuulizwa hali, huinuka akaenda zake. Shughuli yote haizidi muda wa kufunga kanga vizuri. Nilikuwa nimeifanya tangu nilipoolewa bila kuiwaza, kama mtu asivyowaza namna anavyomeza mate.

Mtoto alikuwa wa kwanza. Uchungu ulinishika Jumapili, na Jumanne mchana alikuwa bado hajashuka. Hospitalini daktari alinipima kwa mkono, akasema nyonga ni nyembamba, mtoto amechoka. Wakanipasua. Siku hizo walikata wima, kutoka chini ya kitovu kuelekea chini, na nilipozinduka na kupapasa nilidhani wamenifunga mkanda. Ulikuwa mshono.

Siku mbili za mwanzo walinichoma sindano ya kutuliza maumivu, na maumivu yalikaa mbali, kama kelele za nyumba ya jirani. Siku ya tatu wakaacha sindano, wakanipa vidonge, na maumivu yakahamia kwangu. Nilikuwa sijui kwamba tumbo linatumika kwa kila kitu. Kucheka ni tumbo. Kupiga chafya ni tumbo. Kumwita mtu aliye mlango wa pili ni tumbo. Nilikuwa navuta pumzi nusu nusu kwa kuogopa kwamba pumzi nzima itanifumua.

Nesi wa wodi ile alikuwa mama mnene kutoka Tanga, sauti yake ikiamuru hata akiwa anabembeleza. Ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua.

"Usiinuke moja kwa moja kama unafukuzwa!" alinikemea. "Geuka ubavu kwanza. Teremsha miguu. Sasa jisukume kwa mkono. Tumbo liache, halina kazi leo."

"Linauma, nesi."

"Litauma tu, limekatwa. Lakini ukilala hapo kama gogo litauma zaidi, na kifua kitajaa makohozi. Kohoa."

"Nitafumuka."

"Hufumuki. Kunja kanga yako, ikandamize hapo juu ya mshono kwa mikono miwili, ukumbatie kama mtoto. Haya, kohoa."

Nilikohoa. Iliuma, lakini yalikuwa maumivu yenye mipaka. Toka siku hiyo kanga ile iliyokunjwa haikunitoka mikononi.

Siku ya kuruhusiwa, nyuzi zikiwa zimeshatolewa, alinipa kibahasha cha kaki chenye aspirini na kuniambia maneno haya: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, baada ya kula. Usingoje yakushike ndipo umeze. Meza kabla, yakukute umejiandaa. Usibebe ndoo. Usitwange. Chooni usichuchumae muda mrefu. Ukiona homa, au maji maji, au harufu, njoo siku hiyo hiyo. Nilirudia yote mbele yake bila kukosea.

Magoti hakuyataja, na mimi sikuuliza. Yeye alikuwa mtu wa pwani, kwao binti humwamkia mkwewe akiwa amesimama, ameinama kidogo. Mimi sikuwaza kwamba magoti ni kazi kama kubeba ndoo.

Lazima niseme pia habari za kitanda cha kushoto kwangu. Siku yangu ya tano pale aliletwa mwanamke kutoka upande wa Maganzo, naye alikuwa amepasuliwa majuma kadhaa kabla. Mshono wake ulikuwa umefumuka. Waliomleta walisema alikuwa anajificha ndani, hakutaka kusema. Hakuwa anajitambua. Harufu yake siwezi kuieleza na siwezi kuisahau. Usiku nilimsikia akizungumza na watu ambao hawakuwepo, na asubuhi alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni. Walipomtoa, nesi alibadilisha shuka, akapiga mto, na kitanda kikawa kitupu kama kawaida. Ilikuwa hiyo kawaida iliyonitisha.

Nilirudi Ngokolo kwenye gari la mfanyabiashara jirani yetu, mtoto akiwa mikononi mwa wifi yangu. Asubuhi iliyofuata nilijigeuza ubavu, nikashusha miguu, nikajisukuma, nikaenda hadi alipokaa baba mkwe uani, nikapiga magoti.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Nikasema kuna amani tu, kama tunavyosema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Kushuka chini hakukuwa kugumu. Ni kuinuka. Mtu akiinuka kutoka magotini bila kushika kitu, tumbo lote hukaza mara moja, na nilisikia kitu kikivutika ndani kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa. Sikupiga kelele. Nilitazama chini kama inavyotakiwa, na nikaondoka nikiwa naona nyota mchana.

Siku ya pili nilishika mwimo wa mlango. Niliona viatu vyake vikisogea kidogo, kisha vikatulia. Hakusema kitu zaidi ya maneno ya kawaida.

Siku ya tatu niliamka nikakuta kigoda chake kitupu.

"Baba yuko wapi?" nilimuuliza wifi.

"Ametoka."

"Mapema hivi?"

"Mimi ndiye mkewe? Ametoka na fimbo yake."

Siku ya nne nayo hivyo hivyo. Ya tano hivyo hivyo, na mapema zaidi. Alirudi jua likiwa limepanda, wakati mimi nanyonyesha ndani na haifai kunitokea, akapita moja kwa moja chumbani kwake.

Wifi yangu alikuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi. Ndiye aliyepika, aliyefua, aliyechota maji. Bomba la mtaa lilitoa maji saa chache tu, kwa hiyo alikuwa anaondoka saa tisa za usiku kuwahi foleni. Jambo moja hakunisamehe: kwamba nilikataa kukandwa. Mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto, na yeye alikuwa ameshachemsha sufuria nzima nilipomwambia nesi amekataza.

"Huyo nesi ana watoto?"

"Sijui."

"Hajui kitu. Lakini na wewe nikukande nini? Waliozaa ndio wanakandwa. Wewe hukuzaa, wifi yangu, ulifunguliwa kama gunia la pamba."

"Usinichekeshe, tafadhali."

"Sichekeshi. Nauliza tu walipokufunga walitumia sindano ya magunia au ile ndogo."

Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, nimeikumbatia kanga yangu, na yeye akizidi. Ilikuwa siku ya tano hiyo hiyo nilipopata ujasiri wa kumuuliza.

"Wifi, baba amenikasirikia?"

"Kwa lipi?"

"Haniachi nimwamkie."

Alikuwa anapeta mtama. Alitikisa ungo mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Labda hajapata kuona mjukuu aliyetolewa kwa kisu. Wazee, nani anajua wanawaza nini." Kisha akaanza kuzungumza habari za bei ya mkaa.

Alisema kama mtu anayetupa ganda. Mimi niliokota ganda lile, nikakaa nalo usiku kucha. Nilifikiri: mume yuko Geita, hajui kama niko hai. Mama mkwe yuko kijijini. Kama mzee mwenye nyumba amenikataa, na tumbo likaharibika, nani atasema nipelekwe popote?

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya dawa. Nilijiambia kwamba mchana naweza kulala na kuvumilia, hakuna anayeniona. Wakati ninaohitaji kutoumwa ni mmoja tu, alfajiri, mbele ya baba mkwe, ili nipige magoti vizuri na uso usiwe umekunjamana, asipate sababu. Kwa hiyo vidonge vya mchana nikavihamishia alfajiri. Nikawa nameza vinne saa kumi, na usiku viwili. Kila siku niliamka mapema kidogo ili dawa iwe imeshaingia atakapotoka. Na kila siku alikuwa ametoka.

Nilijiona nimepanga vizuri. Jioni nilikuwa natetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana, mtoto namshikilia kwa nguvu nisimwangushe. Alfajiri nikimeza vinne, baada ya muda mfupi jasho lilinitoka, mwili ukapoa, kichwa kikawa chepesi, nikasema nimepona. Siku tatu nilipona kila asubuhi namna hiyo. Kumbe ile ilikuwa homa, na dawa ilikuwa inaifunika tu, kama mtu anavyofunika shimo kwa majani. Hilo nilikuja kulielewa baadaye, na miaka mingine baadaye nikalisoma kwa maneno yake sahihi katika vitabu vya uuguzi nilivyokuwa nanunua kimoja kimoja na kujisomea jioni.

Kisha kanga ikaanza kulowa. Yalikuwa maji ya manjano, kidogo, mwisho wa mshono. Nilifua kile kitambaa mwenyewe ndani ya karai, wifi akiwa bombani, nikakianika juu ya kamba ya chumbani. Maneno ya nesi niliyakumbuka yote: homa, maji maji, harufu, njoo siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilipofumba macho niliona shuka lile likivutwa hadi usoni. Akilini mwangu jambo lilikuwa limekaa hivi: anayerudi pale na mshono uliofumuka hutoka amefunikwa. Basi nisirudi. Kama sirudi, sijafumuka.

Na jana yake, usiku, nilikuwa nimepindua kibahasha cha kaki juu ya kiganja. Hakikutoka kitu.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo saa kumi na robo ile. Niligeuka ubavu, nikashusha miguu, nikajisukuma. Nilimtazama mtoto, nikamwekea mto upande wa ukingoni. Nikatoka nikipapasa ukuta hadi mlango wa uani, ule wa mbao unaotokea njiani, na nikapiga magoti juu ya udongo, nimegeukia uani ili anikute usoni. Nilipofika chini nilisikia kitu cha vuguvugu kikishuka pajani.

Ndani alikohoa.

Mlango wake ukalia. Mwanga wa tochi ukaja ukitambaa chini, ukagusa magoti yangu, ukageuzwa haraka pembeni.

"Nani?"

"Ni mimi, baba. Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Mayu, mbona hapa?"

"Nimekuja kukuamkia, baba. Siku hizi hatuonani."

"Haya. Nimeitikia. Inuka sasa, urudi kwa mtoto."

"Ndiyo, baba."

Sikuinuka. Nilijaribu. Niliweka mkono chini, nikaagiza miguu, na miguu haikusikia. Nilijaribu tena na sauti ikanitoka, ndogo, ambayo sikuijua kuwa yangu.

Alimwita binti yake kwa jina. Binti yake alikuwa bombani. Alisogea hatua moja kuja kwangu, akasimama. Akarudi hatua hiyo. Nilitazama viatu vyake na nilimwelewa kabisa: mkono wake haukuwa na mahali pa kunishika. Si bega, si kiwiko, si chini ya kwapa. Kumwamsha jirani ilikuwa kuzunguka ua wote na kugonga madirisha, na mimi nilikuwa nimeanza kuinamia mbele.

Ndipo alipogeuza uso wake kutazama ukuta, akatanua miguu kama mtu anayefunga ng'ombe, na kunyoosha fimbo yake nyuma yake hadi ncha yake ikanigusa kiganja.

"Shika hapo," alisema akiutazama ukuta. "Mikono miwili. Usivute kwa tumbo. Vuta kwa mikono, mimi nimeshikilia huku."

Nilishika. Ilikuwa fimbo ya kuchungia, ngumu, imelainika kwa miaka.

"Mguu mmoja kwanza. Kaa hivyo. Pumua. Mguu wa pili usiuharakishe. Umepumua?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, mwingine."

Nikasimama. Fimbo haikuachia hata kidogo. Nilipoegemea mwimo wa mlango aliirudisha kwake, lakini hakugeuka.

"Mimi walinipasua mshipa wa ngiri nikiwa kazini mgodini, kabla mumeo hajazaliwa," alisema. "Hapa, chini. Mwezi mzima sikuweza kuvaa kiatu bila kuita mtu. Siku ile uliposhika mlango niliona. Nikasema, nikitoka mapema hatakuwa na wa kumpigia magoti, atapumzika."

Niliushika mwimo kwa mikono miwili.

"Nikitoka saa kumi na moja, nasikia umeamka. Nikitoka saa kumi na nusu, umeamka. Sasa leo umenivizia mlangoni kama mgambo!"

"Nilidhani umenikasirikia, baba."

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Kwamba nilizaa kwa kisu."

Aliguna. "Nani kakuambia hayo? Usiseme, namjua. Ningekuambiaje mimi usipige magoti? Ningeanzaje kutaja tumbo la mkwe wangu?" Kisha nilimsikia akivuta hewa puani, mara moja, mara mbili. Sauti yake ikabadilika. "Mayu. Hiyo si harufu ya maziwa."

Nilikandamiza kanga mahali palipolowa.

"Tunakwenda hospitali."

"Hapana, baba." Nilikuwa sijapata kumwambia neno hilo. "Sirudi pale. Kulikuwa na mwanamke wa Maganzo. Alirudi kama mimi. Wakamfunika."

Alingoja nimalize. "Alikwenda mwenyewe, au aliletwa?"

"Aliletwa. Hakuwa anajitambua."

"Wewe unajitambua. Unabishana na mimi hapa."

Wifi akaingia na ndoo kichwani. Alituona, baba yake akiutazama ukuta, mimi nimening'inia kwenye mwimo, kanga imelowa. Alitua ndoo taratibu, bila kumwaga tone, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Aliingia ndani akatoka na mtoto mgongoni. Baba mkwe alitoa baiskeli. Walinitandikia gunia kwenye kibebeo, wifi akanipandisha nikakaa upande, kanga imekunjwa, imekandamizwa. Baba mkwe alishika usukani na kuisukuma akitembea, wifi akinishikilia mgongo kwa nyuma. Kila shimo la barabara ile nililijua. Adhana ya alfajiri ilitukuta njiani, na waliokuwa wanakwenda msikitini walisimama kando wakatazama: mzee wa Kisukuma akisukuma mke wa mwanawe. Hakuwaamkia wala hakuinamisha kichwa.

"Ningemkanda maji ya moto toka siku ya kwanza, haya yasingekuwepo," wifi alisema tulipokaribia. Ulimi ulikuwa umemrudia.

Nesi yule yule alikuwa zamu. Alifunua, akatazama, akaita daktari. "Nani alitaka kumkanda?" alisikika akiuliza. "Wewe? Ungemkanda ungemzika. Kaa nje."

Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, kile cha kushoto.

Niling'ang'ania mlango wa wodi. Nilimwambia nesi kwamba nitalala chini, kwenye mkeka, popote. Hakunigombeza. Alisema, "Aliyekufa hapo alikufa kwa kuchelewa. Kitanda hakina kosa." Akakaa juu yake yeye mwenyewe, kwa uzito wake wote, kikalia. "Unaona? Mimi niko hai. Njoo."

Walifungua sehemu ya chini ya mshono. Usaha ulikuwa umejikusanya chini ya ngozi. Ndani zaidi, daktari alisema, nyuzi bado zimeshika. Nilipigwa sindano za penisilini, na kila siku walisafisha kidonda kwa maji ya chumvi na kupachika shashi. Nililiogopa lile toroli la vidonda kuliko kitu chochote nilichopata kukiona, na nililia nilipolisikia likija. Lakini nesi alikuwa na utaratibu wake: alinipa dawa nusu saa kabla, ikanikuta imeshaingia, na alinipa kanga ya kukumbatia na kuniambia nipumue kwa mdomo, polepole, kama ninayepuliza uji. Maumivu hayakuisha. Yalikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho niliujua.

Siku ya pili aliniuliza vile vidonge nilivimeza vipi. Nikamwambia vinne alfajiri.

"Nilisema vinne?"

"Hapana."

"Kwa nini vinne?"

"Ili niweze kumwamkia baba mkwe."

Hakuelewa. Nikamweleza magoti, saa kumi, kikohozi, mlango. Aliweka chini trei aliyokuwa ameshika.

"Unapiga magoti. Na mshono ule. Kila siku."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Mimi ningejuaje?" Alikuwa amekasirika, lakini sikuwa na hakika amemkasirikia nani. "Na ile dawa ya mara moja ilikuficha homa. Jioni unatetemeka, asubuhi unasema umepona. Si kweli?"

"Ni kweli."

Alichukua trei akaondoka. Baadaye, kabla sijaruhusiwa, nilimsikia akiagana na mzazi mwingine aliyepasuliwa, msichana wa kutoka vijiji vya kaskazini. Vidonge viwili, viwili, viwili. Usibebe ndoo. Usitwange. Usichuchumae muda mrefu. "Na usimpigie mtu magoti," alimaliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "hata awe nani. Akiuliza, mwambie nesi amekataza." Msichana alicheka, akashika tumbo.

Niliporudi Ngokolo, kigoda cha baba mkwe kilikuwa kimehamishwa kikawekwa nje ya chumba changu, kando ya ukuta. Asubuhi aligonga ukuta kwa fimbo, mara mbili. Mimi nilikuwa nimelala chali, mtoto kwapani. Nilijibu kutoka kitandani.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Umemeza?"

"Nimemeza, baba. Viwili."

Hakuna aliyeona magoti yangu yako wapi. Wifi, aliyekuwa anachochea moto, alisema hajawahi kuona mkwe anayeamkiana na ukuta, na kwamba watu wa mtaa wataanza kuuliza kama nyumba ina mizimu. Aliyasema hayo kila asubuhi, na kila asubuhi nilikandamiza kanga.

Mume wangu alirudi kutoka Geita mtoto akiwa anakaa mwenyewe. Alisimuliwa na dada yake, na kwa masimulizi ya dada yake ni yeye aliyenisukuma kwa baiskeli.

Kovu langu ni pana upande wa chini, mahali mshono ulipofunguliwa, na majira ya baridi bado linavuta. Kidonda kilipokauka kabisa ningeweza kuendelea na salamu za ukutani, na nadhani baba mkwe angependa hivyo. Lakini asubuhi moja nilitoka nje. Alikuwa kwenye kigoda chake, fimbo imelala mapajani. Nilishuka magoti yote mawili, nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali, nikajibu. Alikuwa anatazama mbuzi wa jirani juu ya kichuguu, kwa makini sana, kama ndio kwanza amewaona mbuzi. Ila fimbo alikuwa ameigeuza, na ncha yake ilikuwa imenielekea, karibu na mkono wangu, ikingoja.

Niliinuka bila kuishika. Akairudisha mapajani.